SOMO LA LEO: Unaingia gulio la kadi za michezo na dola 100. Utatoka na nini?



Somo la leo ni la ndugu zetu walioko Marekani, hasa wanaopenda michezo na wanatafuta kabiashara ka wikiendi. Lakini hata wewe mwenye meza ya mitumba hapa nyumbani soma mpaka mwisho. Hesabu ni zilezile, bidhaa tu ndiyo tofauti.

Kadi ya michezo ni kipande cha karatasi ngumu, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Saizi ya kawaida ni inchi 2.5 kwa 3.5. Kadi za besiboli ndizo zina historia ndefu zaidi, halafu kuna za mpira wa kikapu, mpira wa Kimarekani, hoki ya barafu na soka. Wikiendi unakuta ukumbi wa hoteli au wa kanisa umepangwa meza ishirini, thelathini. Mwenye meza amelipia nafasi yake. Wewe mlangoni unalipa dola chache, pengine bure. Hilo ndilo gulio la kadi.

Maonyesho makubwa ya kitaifa yapo tangu 1980, yalianzia Los Angeles. Ila kwa anayeanza, gulio dogo ni bora zaidi. Hakuna msongamano, na mwenye meza ana muda wa kuongea na wewe. Sasa twende hatua kwa hatua.

1. Jua kwanza kwa nini karatasi inauzwa ghali

Mwaka 1952 kampuni ya Topps ilitoa kadi za besiboli, mojawapo ya mchezaji Mickey Mantle. Nyingine hazikuuzika. Sy Berger, mfanyakazi wa Topps aliyebuni kadi zile, alisimulia kwamba mwaka 1960 walipakia mzigo uliododa kwenye tishari wakaenda kuumwaga baharini. Agosti 2022, kadi moja ya Mantle ya mwaka ule, iliyotunzwa vizuri mno, iliuzwa mnadani dola milioni 12.6.

Sasa angalia upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, watu walikuwa wameshasikia kadi ni mali. Kampuni zikachapisha nyingi kupita kiasi, na wanunuzi wakazihifadhi maboksi kwa maboksi. Leo nyingi za miaka ile hazina bei ya maana, kwa sababu kila mtu anazo.

Kwa hiyo uzee peke yake hauleti bei. Bei inatoka kwenye vitu vitatu: ziko chache, watu wanazitaka, na hali yake ni nzuri. Kikikosekana kimoja, shusha matarajio.

2. Igawe hela kabla hujatoka nyumbani

Tuseme una dola 100. Dola 60 ni za kadi uliyoifuata, na uwe umeshaandika jina la mchezaji na mwaka. Dola 25 ni za kuchambua maboksi ya bei ya kutupa, yale ya kadi moja kwa dola moja. Dola 15 hazitoki mfukoni, ni nauli na chakula.

Beba pesa taslimu, tena noti ndogo ndogo. Ukitaka kupunguziwa mpaka dola 17 halafu unatoa noti ya 100, umeshamchosha mwenzio.

3. Zunguka meza zote bila kununua

Mzunguko wa kwanza ni wa macho tu. Kadi ileile utaikuta meza ya tatu dola 30, meza ya kumi na tano dola 22. Anayenunua meza ya kwanza mlangoni analipia haraka yake. Ukiona kitu unakitaka sana, uliza bei, shukuru, andika namba ya meza, endelea.

4. Bei ni ile iliyolipwa, sio iliyobandikwa

Mtu yeyote anaweza kubandika dola 500. Swali ni je, kuna aliyelipa? Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja uone bidhaa zilizokwisha kuuzwa. Angalia mauzo matano ya karibuni ya kadi ileile, hali ileile. Ukikuta nne ziko kati ya 20 na 24 na moja ni 45, usishike hiyo 45.

5. Kagua kama unavyokagua nguo ya mtumba

Angalia pembe nne: ni kali au zimechakaa? Angalia kingo. Inamishe kadi kidogo kwenye mwanga uone mikwaruzo. Angalia kama picha imekaa katikati au imeegemea upande mmoja. Kwenye kadi ya saizi ya kawaida, ukiona ni fupi kuliko wenzake, jihadhari. Wapo wanaokata kingo ili pembe zionekane mpya.

Nyingine utazikuta ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba. Hizo zimepelekwa kwa kampuni ya kupima ubora, kama PSA iliyoanza 1991, na kupewa daraja. Daraja la juu ni 10. Tofauti ya 9 na 10 inaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Usiamini kasha kwa macho tu. Ingiza ile namba kwenye tovuti ya kampuni iliyopima, uone kama kadi iliyoandikwa kule ndiyo unayoishika.

6. Patana bei kwa adabu

Omba ruhusa kabla ya kushika. Usiweke begi wala kinywaji juu ya meza ya mtu. Ukikuta wawili wanaongea biashara, subiri wamalize, usiingize ofa yako katikati.

Kupunguziwa ni kawaida kabisa. Njia nzuri ni kuunganisha: chagua tatu, jumla dola 36, halafu uliza, "Zote hizi unaniachia kwa 30?" Yeye anauza tatu kwa mkupuo, wewe unaokoa 6. Lakini kutaja 10 kwa kitu cha 36 ni dharau, na gulio likiwa dogo sura yako inakumbukwa.

7. Ukienda kuuza, elewa hesabu ya mwenye meza

Hapa ndipo wengi wanapokasirika. Una kadi inayouzwa mtandaoni dola 50, mwenye meza anakupa 32. Unaona umepigwa. Tulia, piga hesabu.

Tuseme unaiuza mwenyewe mtandaoni. Soko linakata asilimia 13, yaani 6.50. Kufunga na kutuma ukilipia wewe, tuseme dola 5. Inabaki 38.50, na bado hujahesabu kusubiri mteja na hatari ya mzigo kurudishwa. Kwa hiyo tofauti halisi na zile 32 za mkononi leo ni 6.50, sio 18. Mwenzio naye amelipia meza na petroli, na hiyo kadi inaweza kumkalia miezi.

Ukiona 6.50 ni kubwa, kauze mwenyewe. Ukiona ni bei ya kupumzika, chukua hela. Au omba mbadilishane kadi kwa kadi. Mara nyingi hapo mwenye meza anakupa thamani kubwa zaidi kuliko taslimu, kwa sababu hatoi pesa.

8. Sanduku la marehemu

Hili ni la kulitafakari. Siku moja utakuwa wewe ndiye unayejua, na mbele yako atasimama mama ameshika sanduku la kadi za marehemu mumewe. Hajui lolote. Anasema, "Nipe dola 40 zote." Wewe umeshaona ndani kuna moja ya dola 300.

Sheria haitakukamata ukinyamaza na kulipa 40. Lakini kumbuka mwanaye ana simu, na jioni ataangalia bei. Wiki ijayo gulio zima litajua. Fanya hivi: itoe ile kadi, mwambie ni nini, muonyeshe mauzo ya karibuni, halafu taja bei yako na faida yako wazi. Mwambie, "Hii nikiuza napata kama 300, mimi naweza kukupa 200, na ukitaka kuuza mwenyewe, njia ni hii." Akikuuzia, umepata faida ya halali. Asipokuuzia, umepata mtu atakayekuletea majirani zake.

Na mtoto akija kubadilishana kadi, fanya mbele ya mzazi wake. Mtoto hajui thamani, wewe unajua.

9. Andika

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kadi: tarehe, bei uliyonunua, hali yake, bei uliyouzia. Iweke kwenye kimfuko laini cha plastiki kwanza, halafu kasha gumu. Kadi iliyokunjika pembe njiani imekula faida kabla hujafika nyumbani. Baada ya magulio matatu soma daftari lako. Ndilo litakuambia kama una biashara au una starehe. Starehe sio dhambi, ila isile mtaji wa biashara.

KAZI YA LEO: chukua bidhaa moja unayouza. Andika bei uliyobandika, na bei ambayo wateja watano wa mwisho walilipa kweli. Zikipishana sana, tuambie kwenye maoni unadhani ni kwa nini, tujadiliane.

Mtumie na mwenzako aliyeko Marekani. Siku njema na mauzo mema.