Dondoo muhimu: Kubadili sensa ya joto la injini

Feni haizimi, gari linakunywa mafuta, asubuhi linawaka kwa shida? Usikimbilie dukani. Chomoa plagi ya sensa uikague. Wakati mwingine tatizo ni kutu tu. Kisha pima sensa kwa mita: Toyota nyingi husoma kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80.

Sensa ikisoma tofauti, ibadili. Injini iwe imepoa kabisa; mfuniko wa rejeta ukifunguliwa injini ikiwa ya moto, kulanti hukurukia usoni. Punguza kulanti, fungua sensa, weka mpya na pete yake ya kuzibia. Usikaze kwa hasira, alumini hupasuka. Ongeza kulanti, si maji ya bomba, utoe hewa yote.