Mousse ya mahali pa makala

Wanafunzi wenzetu, pale watu walichoma makala, mvua ikinyesha miezi kadhaa, munaona kama zulia ya kijani juu ya majivu. Watu wanapita wanasema ni uchafu. Ni mousse, jina lake Funaria hygrometrica. Inapenda ardhi yenye kuungua, kwa sababu majivu iko na chumvi za kuilisha, na majani makubwa yenye kuinyima mwangaza yamekwisha kuteketea.

Wengine wanaandika katika devoirs kwamb kile kijiti chenye kichwa ni ua. Si ua, na mbegu hamna. Mousse haina hata mizizi ya kweli, ni nyuzi tu za kuishikilia. Chembe ya kiume iko na mikia miwili, inaogelea katika maji ya mvua au umande mpaka kwa yai. Pasipo maji, hakuna uzazi! Yai ikipata chembe, ndipo kijiti kinaota, na kichwani mnajaa vumbi ya spora.

Mutwae kijiti kikavu, kimejisokota kama kamba. Mukitie tone la maji: kinajisokotoa, kichwa kinazunguka. Ndiyo maana ya hygrometrica, mpima unyevu. Hewa ikikauka, meno ya mdomo wa kile kichwa yanafunguka na upepo unachukua spora kidogo kidogo.

Lazima iharakishe. Majani marefu yakirudi, kivuli kinaimaliza. Lakini spora zimekwisha kwenda, na zingine zitaangukia majivu ya mahali pengine.