Sikio Kabla ya Kioo: Telefone na Ufahamu wa Fonimu katika Darasa la Kwanza

Sheria Na. 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa inataka lugha za taifa, au lugha za mahali mtoto anapoishi, zitumike kufundishia na zifundishwe kama somo. Kwa sisi wa Lubumbashi lugha hiyo ni Kiswahili, na wengi wetu katika kitivo hiki tutaombwa siku moja kuandaa mazoezi ya kusoma kwa watoto wa darasa la kwanza. Tutapewa tableti au telefone na kuambiwa: fundisheni ufahamu wa fonimu. Nataka kueleza kwa nini telefone inayorekodi sauti inafaa kazi hiyo kuliko michezo mingi yenye picha za kupendeza, ilimradi tujue ni sauti za nani tunazorekodi.

Ufahamu wa fonimu una maana finyu. Ni uwezo wa kutambua kwamba neno linalosemwa limejengwa kwa sauti ndogondogo zinazoweza kutenganishwa, kuunganishwa na kubadilishwa. Herufi hazimo. Mtoto anaweza kuufanyia mazoezi akiwa amefumba macho. Kwa hiyo mchezo unaoanza kwa kuonyesha herufi kubwa A ikirukaruka kwenye kioo unafundisha herufi. Herufi zina saa yake, lakini hilo ni somo jingine.

Uwezo huo hauji wenyewe kwa umri. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake, Marekani, walichapisha jaribio ambalo watoto waligonga meza kwa kijiti, pigo moja kwa kila silabi au pigo moja kwa kila fonimu. Kati ya watoto wa miaka 4, karibu nusu waliweza silabi, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza fonimu. Mwishoni mwa darasa la kwanza, 90% waliweza silabi na 70% fonimu. Mwaka 1979 José Morais na wenzake waliwapima watu wazima wa Ureno ambao hawakupata kujifunza kusoma. Watu hao walishindwa kuondoa au kuongeza konsonanti mwanzoni mwa neno, ilhali waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Silabi, basi, mtoto huja nayo kwa kiasi kikubwa. Fonimu anahitaji kuonyeshwa.

Hapo ndipo mazoezi yanayotafsiriwa kutoka Kifaransa yanapotuangusha. Zoezi linalopendwa sana ni la vina: mtoto asikie *pain*, *main*, *bain*, aseme kama yanafanana mwishoni. Kwa Kifaransa zoezi hilo lina faida kubwa, kwa sababu ukiondoa kinachofanana kinabaki *p*, *m*, *b*. Mtoto ameshafika kwenye fonimu bila kujua. Kiswahili hakifanyi hivyo. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na kila aliyesoma ushairi anajua kwamba kina chetu ni silabi nzima. *Pata* na *bata* zina kina *-ta*. Mtoto akiitambua *-ta* bado yumo katika silabi, na angeweza kubaki humo mwaka mzima huku mchezo ukimpa nyota. Kinachomfikisha kwenye fonimu ni kubadilisha sauti moja ndani ya silabi: *bata*, *pata*, *paka*, *taka*, *saka*. Mnyororo kama huo, ukisikilizwa na kurudiwa, naona una thamani kuliko kurasa kumi za vina.

Jambo la pili ni lahaja, na hili kwangu ndilo zito zaidi. Katika mafunzo ya kazi kwenye shule moja ya Katuba nilimwona mvulana aliyevaa visikizi mbele ya mchezo uliotengenezwa kwa Kiswahili sanifu. Sauti ilimwuliza *hapa* inaanza na sauti gani. Akachagua *a*. Msalaba mwekundu. Akachagua tena *a*, msalaba tena. Mara ya tatu alivua visikizi akamsukumia jirani yake ile tableti. Nyumbani kwao, kama katika nyumba nyingi za mji huu, neno hilo ni *apa*, na sauti yake ya kwanza ni *a*. Mtoto alikuwa amefanya uchambuzi sahihi wa neno alilo nalo. Mashine ilimwandikia kosa, na mwalimu wake alisoma kwenye orodha kwamba ni "dhaifu".

Angalieni pia *mtoto*. Watoto wetu husema *mutoto*. Wakipiga makofi wanapata matatu, sawasawa na neno sanifu, kwa sababu *m* ya *mtoto* ni silabi yenyewe. Hadi hapo hakuna ugomvi. Lakini ukidai fonimu, mtoto atakupa sita na kitabu kinataka tano. *Mbwa* ni gumu zaidi: kitabu kina *m-bwa*, mtoto wa hapa ana *im-bwa*. Mwalimu anaweza kulieleza hilo kwa sentensi mbili, kwamba sisi tunasema hivi na kitabu kinaandika vile. Mchezo uliofungwa hauwezi.

Ndiyo maana nachagua kinasa sauti, ambacho hata telefone nyingi za vitufe zinacho, kinachofanya kazi bila intaneti na, betri ikiwa imejaa, hata umeme ukikatika. Tulichagua maneno 40 ambayo mtaa na kitabu vinayatamka sawa: *mama, saa, sasa, simu, nyama, shamba*. Yakasemwa na watu watatu wa mtaani: bibi mmoja, kijana, na mtoto wa darasa la tano. Watoto hucheka wanapomtambua bibi, kisha wanasikiliza.

Kuna kishawishi kimoja cha kitaalamu ambacho wanafunzi wa fonetiki tunakijua. Tukiwa na Praat tunadhani tunaweza kukata *pa* tukapata *p* safi upande mmoja na *a* upande mwingine. Jaribuni. Utakachosikia ni mlio mfupi usiofanana na sauti ya lugha yoyote, maana taarifa ya kipasuo imo pia mwanzoni mwa irabu inayofuata. Kupunguza kasi hakusaidii. Kunatoa *pa* ndefu tu. Basi anzeni na sauti zinazoweza kuvutwa, *m, n, s, f, z, l, sh*, msemaji akizivuta kwa mdomo wake: *sssaa, mmmama*. Vipasuo *p, t, k* viletwe baadaye, kwa kulinganisha maneno mazima.

Somo lenyewe halizidi dakika 10. Telefone inafungwa kwenye kipaza sauti kidogo, kioo kikiwa kimegeuzwa chini. Watoto wanasikia maneno matatu, *simu, saa, mama*, wanasema lipi linaanza tofauti. Kisha neno moja linavutwa, na kila mtoto anasogeza kifuniko cha chupa kwa kila sauti anayoisikia, kama visanduku alivyobuni Elkonin huko Urusi, ila sisi tunavichora kwa chaki sakafuni. Mwisho mtoto mmoja anarekodi neno lake na darasa linalichambua. Kwa darasa la watoto zaidi ya 60 sijaona njia ya kumpa kila mmoja mashine, wala sioni haja.

Jirani zetu wa Zambia wanatuachia funzo katika hili. GraphoGame, mchezo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, ulijaribiwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza huko Lusaka, na matokeo mazuri zaidi yalionekana pale walimu nao walipoucheza pamoja na wanafunzi. Mwalimu aliyeusikia mchezo alijua la kufanya nao ubaoni.

Baadhi ya maneno tumeyaweka kando kwa sasa. *Ng'ombe* ni mojawapo: kitabu kinataka king'ong'o peke yake, watoto wetu wanatamka *ngombe* yenye *g* inayosikika wazi. Tutalirekodi kwa sauti zote mbili, moja baada ya nyingine, wiki watakapokutana na ile alama juu ya *ng'* kitabuni. Vivyo hivyo *ndizi*. Kwa vifuniko, watoto wengine huweka kimoja kwa *nd*, wengine viwili, na wahadhiri wetu wawili niliowauliza hawakukubaliana.