Kaa Ajivuapo Gamba

Vijito vingi vya Ngara na Biharamulo vina kaa. Kaa huyu si wa baharini. Ni kaa wa maji matamu, rangi yake kama ya udongo, naye hukaa chini ya mawe au katika shimo alilochimba ukingoni. Watoto wachungao mbuzi wamjua sana, maana wengi wao wamekwisha kubanwa kidole kwa gando lake.

Mtoto mmoja wa Ngara, ambaye kijito cha kwao huteremka mpaka mto Ruvubu, alikamata kaa watatu akawafuga katika chungu kipana. Akatia maji ya kijito, machache tu, na mawe yaliyotokeza juu ya maji, akakiweka chungu kivulini. Kila jioni aliwapa chembe za ugali, majani mabichi na mnyoo. Asubuhi aliondoa masazo, maji yasije yakanuka.

Hata siku moja kaa mkubwa aliacha kula. Rangi yake ilififia, akajificha nyuma ya jiwe. Siku ya tatu mtoto aliona ufa mgongoni mwake, upande wa nyuma, na ndani ya ufa kitu laini kinachotikisika. Akadhani kaa ameumia, tena anajitahidi kutoka. Kwa huruma akalishika gamba, akamvuta. Magando yote mawili yakakatika, na kabla ya jioni kaa alikuwa amekufa.

Mtoto akaenda kwa babu yake akilia. Mzee yule alikuwa ametega migono mtoni tangu ujana wake, akawajua kaa kama ajuavyo mbuzi wake.

“Mjukuu wangu,” akasema, “hukumwua kwa ubaya, ulimwua kwa haraka. Alikuwa akivua nguo, nawe ukamvua ngozi.”

Na ndivyo ilivyo. Mifupa ya mtu i ndani ya nyama, nayo hukua pamoja naye. Mfupa wa kaa u nje, ndio gamba lake, nalo likiisha kuwa gumu halikui tena. Basi kaa akitaka kukua sharti aliache. Kwanza gamba jipya, laini kama ngozi, huumbika chini ya lile la zamani. Kisha mwili wake huvimba kwa maji, gamba la zamani hupasuka kwa nyuma, naye hutoka kinyumenyume, akivuta mguu mmoja mmoja. Hata vifuniko vya macho na utando wa ndani ya tumbo huviacha. Kazi iliyo ngumu kupita zote ni kuyatoa magando, kwa sababu nyama yake nene haina budi kupita katika kiungo chembamba. Hapo ndipo avutwapo akakatika.

Huko pwani na Unguja yuko kaa mwingine, mwenye tumbo laini, ambaye hulificha katika gamba tupu la konokono na kutembea nalo. Watu wa Ulaya na Marekani hufuga kaa wa jamaa hiyo nyumbani. Yeye hujifukia mchangani majuma kadhaa ili ajivue, asile wala asionekane. Na wafugaji wasiojua humfukua watazame kama yu hai, wakamwua kama vile yule wa Ngara alivyouawa.

Baada ya miezi miwili kaa wa pili, aliyekuwa amepungukiwa na mguu mmoja, naye akaacha kula. Safari hii mtoto alimhamisha katika chungu chake peke yake, kwa maana kaa aliyejivua hana nguvu ya kujitetea, na mwenzake humla. Akakifunika chungu kwa ungo, wala hakumgusa.

Asubuhi moja akainua ungo, akaona kaa wawili! Mmoja alikuwa amelala wazi, hatikisiki. Mtoto alimwinua, akamwona mwepesi kama jani kavu, ndani mtupu, wala hana harufu ya kitu kilichokufa. Yule wa kweli alikuwa chini ya jiwe, amekunjamana, laini kama unga uliokandwa. Mtoto akataka kulitupa gamba lile.

“Liache,” akasema babu. “Ni chakula chake.”

Kweli, gamba la zamani lina chokaa, na kaa hulila apate kuligumisha lile jipya. Siku zilizofuata mtoto alibadili maji polepole tu, akaona gamba tupu likipungua, kwanza miguu, halafu kingo za mgongo.

Kaa alipokuwa mgumu tena, mtoto alimchukua mpaka kijitoni, akamweka juu ya jiwe. Mahali pa mguu uliopotea palikuwa na mguu mpya, mfupi kuliko mingine, mweupeupe. Kaa akaukanyagia, akateremka majini.