Dondoo muhimu: Fleti kwenye ghala la zamani

Ukitaka kununua fleti kwenye ghala au kiwanda kilichogeuzwa makazi Tukuyu, nenda kuiangalia mvua ikinyesha, hasa Aprili. Mji huu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na paa pana la bati lililowekwa kulinda mizigo halikujali usingizi wa mtu. Papasa kuta kwa chini, nusa ukungu, uliza maji ya paa yanaishia wapi. Rangi mpya isikuzuge!

Kisha fika halmashauri: matumizi ya kiwanja yamebadilishwa kuwa makazi? Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya 2008 inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake. Bila hati, unanunua maneno. Na paa likivuja, nani analipa? Iandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa hata shilingi.