Tusome Ukuta: Picha za Kanisa la Makaburi



Ukipanda matatu ya Kawangware inayopitia Valley Road, utalipita kanisa kuu la Kiorthodoksi la Kosma na Damiano. Mbele, huko Riruta, kuna seminari ya Kiorthodoksi yenye jina la Askofu Mkuu Makarios wa Tatu, Rais wa kwanza wa Saiprasi. Waorthodoksi huchora watakatifu kwa mtindo wa Bizanti: macho makubwa, nyuso ndefu, dhahabu nyuma. Wenzangu darasani husema eti wachoraji hao hawakujua kuchora. Mimi nakataa. Picha hizi zilikusudiwa kusomwa. Hebu tusome mfano mmoja maarufu.

Mjini Istanbul, Uturuki, kuna jengo liitwalo Chora. Baina ya 1316 na 1321 hivi, Theodore Metochites, waziri tajiri wa mfalme Andronikos wa Pili, alilikarabati na kuliongezea kikanisa cha kuzikia. Makaburi yamo katika vishubaka ukutani. Mafundi walipaka rangi juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Lipu ilipokauka, rangi ilinaswa humo humo.

Kwanza, inua macho darini. Ni Siku ya Hukumu, na malaika anaikunja mbingu kama mtu akunjavyo mkeka.

Pili, tazama ukuta wa mbele uliopinda kama bakuli. Yesu, mwenye mavazi meupe, anawavuta Adamu na Hawa kutoka makaburini. Chini ya miguu yake milango imevunjika, funguo na makufuli yametapakaa, na Shetani amelala kifungoni.

Tatu, tazama mikono. Yesu hakuwashika viganja, amewashika vifundo vya mikono. Watu wakisalimiana, kila mmoja humshika mwenzake. Lakini maiti hana nguvu za kushika, basi kazi yote ni ya anayevuta. Sasa, mtu asiyejua kuchora angewaza hayo? Tulipomzika nyanya yangu Lang'ata, mahubiri yalikuwa marefu na mengi nimeyasahau. Mkono huu sitausahau.

Metochites mwenyewe aliuhitaji. Mwaka 1328 mfalme alipinduliwa na mjukuu wake, naye waziri akapoteza mali na kufukuzwa mjini. Baadaye alirudi Chora akiwa mtawa, akafa humo 1332. Mali ilimtoka, ukuta ukabaki. Jengo likageuzwa msikiti, likawa makumbusho 1945, na 2024 likafunguliwa tena kama msikiti. Picha zingalipo.

Msamiati
Kishubaka: nafasi iliyoachwa ndani ya ukuta.
Lipu: udongo au chokaa ya kusiliba ukuta.
Mtawa: mtu aliyeacha anasa ili amtumikie Mungu.

Zoezi
1. Kwa nini mchoraji alichora makufuli mengi?
2. Eleza tofauti ya kushikana mikono na kushikwa kifundo cha mkono.
3. Tafuta picha yoyote kanisani, msikitini au sokoni mtaani kwenu. Isome kwa aya moja.