Damu ya kitovu humfaa nani?

Mtoto akishazaliwa na kitovu chake kukatwa, damu kidogo hubaki ndani ya kondo la nyuma. Mara nyingi haijazi hata kikombe cha chai, na katika wodi nyingi hutupwa au huzikwa pamoja na kondo lenyewe. Humo mna seli shina, zile zinazozaa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu. Seli za aina hiyo hupatikana pia katika uboho wa mifupa, na ndiyo maana mgonjwa ambaye uboho wake umeharibika anaweza kupandikizwa damu ya kitovu.

Jambo hilo lilifanyika kwa mara ya kwanza Oktoba 1988, katika hospitali ya Saint-Louis jijini Paris. Daktari Eliane Gluckman alimtibu mtoto wa kiume kutoka Marekani aliyekuwa na anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaoua uboho. Damu ilitoka kwenye kitovu cha mdogo wake wa kike aliyekuwa amezaliwa karibuni, na mvulana akapona. Aliyefaidika, basi, alikuwa ndugu wa mtoto aliyezaliwa, si mtoto mwenyewe.

Nalisisitiza hilo kwa sababu kampuni za kuhifadhi damu ya kitovu kwa malipo huwaambia wazazi kwamba wanamwekea mtoto akiba yake mwenyewe. Akiba hiyo ina kasoro kubwa. Mtoto akiwa na sikoseli, seli za kitovu chake zimebeba kasoro ileile. Akiugua saratani ya damu, huenda mbegu ya ugonjwa ilikuwamo tangu kuzaliwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hakiungi mkono uhifadhi wa namna hiyo kama bima, isipokuwa pale ambapo ndugu wa mtoto tayari ana ugonjwa unaotibika kwa kupandikizwa. Matangazo yanayotaja usonji na mtindio wa ubongo yasikuvute: hayo bado yanafanyiwa utafiti.

Benki za umma ni kitu kingine. Huko mama huchangia bure, na damu humwendea mgonjwa yeyote anayelingana nayo. Ulinganifu wake hauhitaji kuwa mkali kama wa uboho, nayo huwa tayari imegandishwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Udhaifu wake ni uchache wa seli: mtu mzima mara nyingi huhitaji mifuko miwili, na seli huchelewa kushika kuliko za uboho.

Kuichukua hakuumi. Kitovu kikishakatwa, sindano huingizwa kwenye mshipa wake na damu hutiririka mfukoni. Lakini mkunga asiharakishwe kukata kwa ajili ya mfuko huo. Shirika la Afya Duniani linataka kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, kwani damu inayoendelea kumwingia mtoto humpa madini ya chuma ya miezi ya mwanzo. Mimi ningechagua mfuko upungukiwe kuliko mtoto.

Kwa familia yenye mtoto wa sikoseli na mimba nyingine njiani, zungumzeni na daktari wa damu mapema, msingoje uchungu. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu, na mtoto mpya lazima naye apimwe, maana wazazi wakiwa wabebaji wote wawili, anaweza kuzaliwa na ugonjwa uleule. Nchini Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imekwisha kuwapandikiza watoto wa sikoseli uboho wa ndugu zao. Kwa hiyo kama hapakuwa na mahali pa kuhifadhi damu ya kitovu, nafasi haijapotea: mtoto aliyelingana na nduguye anaweza kutoa uboho baadaye, akishakua kiasi.